Vurugu za kisiasa, ugaidi wa kidini: tunalinganisha nini?

Kwenye baraza za kahawa za Ngamiani, Tanga, swali hili halikauki: je, ni haki kulinganisha vurugu za kisiasa na ugaidi wa kidini? Mmoja atasema ni yale yale, roho imetoka. Mwingine atasema siasa mbali, ugaidi mbali. Wote wawili wanabishana juu ya jibu, ilhali kasoro iko kwenye swali.

Maana kwanza. Ugaidi ni kuwadhuru watu, au kutishia kuwadhuru, ili wengine ambao hawakuguswa waingiwe na hofu na serikali au jamii ishurutike kufanya jambo. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002 ya Tanzania, katika kifungu cha 4, nayo inatazama nia hiyo ya kuutisha umma au kuishurutisha serikali. Kwa hiyo ugaidi ni njia. Siasa au dini ni sababu ya mtu kuishika njia hiyo.

Linalosumbua ni neno la pili. Vurugu limetokana na kuvuruga: maji ya kisima yakivurugwa, tope hupanda juu, na anayechungulia huliona tope asiuone mkono. Ndivyo neno linavyofanya kazi hata kwenye habari. Vurugu hutokea, huzuka, huibuka. Mvurugaji yumo kwenye Kiswahili lakini ni nadra kuitwa. Gaidi ni kinyume chake. Kabla halijahusishwa na mabomu, lilikuwa jina la mnyang'anyi, haramia anayewavizia watu njiani na kuwapora. Mtu ndiye aliyetangulia, kisha kikaundwa kitendo chake, ugaidi, kama jambazi alivyozaa ujambazi. Basi anayesema "vurugu za kisiasa" upande huu na "ugaidi wa kidini" upande ule ameshatoa hukumu kabla ya kulinganisha. Cha kwanza kimekuja kama mafuriko, cha pili kina mtu wa kukamatwa.

Wazungu walianzia kwingine. Neno lao, terrorism, limejengwa juu ya hofu yenyewe, na lilishika mizizi Ufaransa baada ya 1793 na 1794, serikali ya mapinduzi ilipotawala kwa kuwakata watu vichwa. Walioitwa hivyo mwanzo walikuwa watawala. Sisi neno letu limetoka kwa mwizi wa porini, na nadhani ndiyo sababu mzungumzaji wa Kiswahili husita kusema kwamba dola nayo inaweza kufanya ugaidi.

Ukitaka ulinganisho wa haki, weka ugaidi wa kisiasa mbele ya ugaidi wa kidini. Tamil Tigers, waasi wa Sri Lanka, walipigania nchi yao wenyewe, hawakupigania dini, na ni wao waliomuua Rajiv Gandhi, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa India, tarehe 21 Mei 1991 kwa bomu alilojifunga mwanamke mwilini. Aum Shinrikyo, kundi la kidini, lilimwaga sumu ya sarini kwenye treni za chini ya ardhi za Tokyo tarehe 20 Machi 1995. Mabomu ya 7 Agosti 1998 kwenye balozi za Marekani yaliua watu 11 Dar es Salaam na 213 Nairobi. Waliotega, watu wa al-Qaeda, walinena kwa lugha ya dini, lakini miongoni mwa madai yao makubwa lilikuwamo la majeshi ya Marekani kuondoka Saudi Arabia, dai la kisiasa kabisa.

Tofauti ipo, ila haiko pale inapotafutwa. Iko kwenye dai. IRA ya Ireland, kundi lililopigana ili Ireland Kaskazini itoke mikononi mwa Uingereza, ilikuwa na dai linaloweza kuwekwa mezani, na mwaka 1998 mkataba ukatiwa saini. Anayengoja mwisho wa dunia hana cha kuweka mezani. Lakini wapo wenye dini ambao madai yao yanajadilika, na wapo wanasiasa ambao yao hayajadiliki.

Wala si kila damu ya kisiasa ni ugaidi. Sheikh Abeid Amani Karume aliuawa kwa risasi Zanzibar tarehe 7 Aprili 1972. Waliomlenga walimtaka yeye. Gaidi humuua aliye mbele yake kwa ajili ya wanaotazama.

Februari 2015, risasi ziliporindima kati ya polisi na watu wenye silaha kwenye Mapango ya Amboni, karibu na Tanga, mji mzima ulisema magaidi. Polisi wakasema ni wahalifu. Kwa maana ya kale ya neno, ile ya mporaji anayevizia, watu wa Tanga hawakukosea. Kwa maana ya sheria, kabla ya kulitamka jina hilo palihitajika jibu moja: sisi tuliosikia milio tukafunga milango, tulikuwa tunashinikizwa tufanye nini?