Poti 22 na wageni wasiopiga hodi

Nilipofungua poti namba 22, mlango wa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali), kwenye ruta ya nyumbani nilitaka jambo dogo tu: niyafikie mafaili yangu nikiwa kazini. Asubuhi yake nikafungua /var/log/auth.log, faili la kumbukumbu za wanaojaribu kuingia. Mistari ilikuwa imefuatana kama siafu: Failed password for root (nywila ya root imekataliwa), kisha admin, pi, test, oracle, ukurasa baada ya ukurasa.

Hakuna aliyenilenga mimi. Hizo ni programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana, zikijaribu kitasa cha kila anwani. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi sana kwa kutumia orodha fupi tu ya majina na nywila za kiwandani, na ndani ya vifaa hivyo mlikuwa na mfumo endeshi wa Linux. Kwa hiyo mtu akiniambia "mimi natumia Linux, sina wasiwasi", namwomba kwanza aandike amri hii:

sudo ss -tlnp

Itakuonyesha programu zinazosikiliza na poti zake. Tazama safu ya anwani. Penye 127.0.0.1, programu inazungumza na kompyuta yako yenyewe tu. Penye 0.0.0.0 au [::], inamsikiliza yeyote atakayeweza kuifikia. Mara nyingi utakuta kitu ulichokijaribu mwaka jana ukakisahau: hifadhidata, seva ya tovuti, huduma ya kushirikiana mafaili. Usichokitumia, kiondoe.

Kisha washa ufw, ukuta wa moto unaozuia wanaotoka nje:

sudo ufw default deny incoming
sudo ufw enable

Kuna jambo hapa linaloponza hata mafundi wazoefu. Ukiendesha kontena la Docker (programu iliyofungwa ndani ya boksi lake) na kuifungulia poti kwa -p 5432:5432, Docker huingiza kanuni zake yenyewe bila kupitia ufw. Ufw itakuambia imefunga, kumbe poti iko wazi. Andika -p 127.0.0.1:5432:5432.

Tuje kwenye SSH, maana ndipo wengi huingiliwa. Achana na nywila. Tengeneza ufunguo wa kielektroniki unaochukua nafasi ya nywila kwa ssh-keygen -t ed25519, upeleke kwenye kompyuta unayoingia kwa ssh-copy-id, halafu weka PasswordAuthentication no kwenye /etc/ssh/sshd_config. Usiishie hapo. Kwenye Ubuntu na Debian, mafaili yaliyomo katika sshd_config.d husomwa kwanza, na thamani inayotangulia ndiyo inayoshika. Nimeshaona kompyuta ambayo mwenyewe ameandika "no", na faili dogo la humo linasema "yes". Ulizia SSH yenyewe inaamini nini:

sudo sshd -T | grep -i passwordauthentication

Ikijibu "no", anzisha huduma upya, lakini usifunge dirisha ulilonalo mpaka umejaribu kuingia kwa dirisha jingine. Kuhamisha SSH kutoka poti 22 hupunguza kelele kwenye auth.log, basi.

Masasisho nayo usiyaahirishe. Programu iitwayo unattended-upgrades itakufanyia ukiwa umelala. Hata hivyo, Machi 2024 ilinibadilisha mawazo kuhusu kuiacha SSH wazi. Mhandisi wa programu Andres Freund aligundua kuwa kuingia kwa SSH kumechelewa kama nusu sekunde, akafuatilia, akakuta mlango wa siri umefichwa ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili. Ulitengenezwa ili mwenye nao aingie bila kuhitaji ufunguo wako wala nywila yako. Bahati njema uligunduliwa kabla haujaenea kwenye matoleo ya kawaida ya Debian na Fedora.

Tangu hapo SSH yangu haionekani nje kabisa. Nimefuta njia ya poti 22 kwenye ruta, nikazima na UPnP ili programu zisijifungulie njia zenyewe. Nikiwa mbali naingia kwanza kwa WireGuard, njia ya siri (VPN) ya kufika kwenye mtandao wangu, ambayo haimjibu kitu mgeni asiye na ufunguo. Kwake ni kama hapana kompyuta. SSH naifikia kwa kupitia humo. Leo asubuhi nimeifungua tena auth.log, na kuingia kote kulikoandikwa mle ni kwangu mwenyewe.