Je, wajua kwa nini bakteria anayeua watoto wa farasi ana pacha asiye na madhara?

Zamani nilikuwa naamini Rhodococcus equi ni mbaya tu basi, yaani ukimkuta kwenye udongo wa zizi ujue watoto wa farasi wamekwisha. Nilikosea kabisa. Huyu mdudu alielezwa Sweden mwaka 1923, na anaishi kwenye udongo na mavi ya farasi karibu kila wanakofugwa, farasi wazima wanammeza pamoja na majani kila siku na wala hawaumwi. Wanaopata nimonia ni watoto wa miezi michache, mapafu yanajaa majipu yenye usaha mzito kama jibini.

Sasa chukua anayeua na asiyeua, uwaoteshe maabara. Wote wanatoa vidoa vya rangi ya waridi vinavyoteleza kama bamia, kwa macho huwatofautishi. Tofauti iko kwenye plasmidi, kiduara kidogo cha DNA kilichojitenga na kromosomu, chenye herufi elfu 80 hivi. Ifikirie kama laini ya simu: ukiitoa, simu inawaka, tochi inawaka, picha unapiga, ila kumpigia mtu huwezi. Bakteria bila plasmidi naye anakula na kuzaana vizuri tu, lakini akiingia kwenye pafu la mtoto wa farasi anamalizwa.

Anamalizwaje? Seli za ulinzi, makrofaji, zinammeza, zinamfungia kwenye kifuko halafu asidi inakolezwa mle ndani. Ni kama kumtia sufuriani kisha jiko likawashwa. Plasmidi ina jeni ya protini iitwayo VapA, inayokaa juu ya ukuta wa bakteria na kuzuia asidi isikolee, kwa hiyo moto haushiki, na yeye anazaana humo humo sufuriani mpaka seli inakufa.

Ila VapA peke yake haitoshi, na hapa ndipo wengi tunarahisisha mno. Bakteria aliyepoteza plasmidi akirudishiwa jeni hiyo tu bado anashindwa, mpaka aongezewe virR na virS, jeni zinazoamua nyingine ziwake kiasi gani. Na hayo ni matokeo ya seli za maabara, mnyama mzima ni habari nyingine.

Kinachonishangaza zaidi, bakteria anayekaa kwa nguruwe ana plasmidi yake yenye jeni ya VapB na anayekaa kwa ng'ombe ana yake yenye jeni ya VapN, protini za jamii moja na VapA, bakteria ni yuleyule, na hiyo ya ng'ombe hata si duara, imenyooka kama uzi.