Kilemba anajifunza kuishi bila mimi

Siku farasi Kilemba aliposhushwa kwenye lori, mama mmoja jirani alifika mlangoni pangu na beseni la pumba za mahindi kichwani. Alikuwa amemwona akipita, mbavu zikihesabika na nyonga zimechomoza, akakimbia nyumbani kuleta alichokuwa nacho. Nikamzuia. "Mama dokta," akaniambia, "eko na njala, na weye unamukatalia chakula?" Alikasirika, na sikumlaumu. Hapa Lubumbashi mwenye njaa hupewa bukari, ugali wetu, kwanza, mengine yanafuata.

Nilimketisha nikamweleza, na ninaeleza tena hapa, kwa sababu farasi wengi waliookolewa hufa mikononi mwa watu wenye huruma.

Farasi asipokula kwa muda mrefu mwili wake humaliza mafuta, kisha hugeukia nyama, na moyo nao ni nyama. Damu yake huzoea kuishi na akiba ndogo kabisa ya madini. Ukimpa ghafla chakula cha wanga, kama mahindi, pumba au mkate, sukari hupanda na mwili humwaga insulini. Insulini huisukuma sukari ndani ya chembe za mwili, na sukari haiingii peke yake: huvuta fosforasi, potasiamu na magnesi. Damu inabaki tupu. Moyo unapoteza mapigo yake, pumzi inakatika, na mnyama ambaye jana alikula kwa hamu anaanguka siku ya tatu au ya tano. Mwenyewe husema amelogwa.

Kwa hiyo Kilemba alipata majani makavu ya luzerni, ambayo yana wanga kidogo, protini nyingi, na madini yale anayoyahitaji. Nusu kilo kila baada ya saa 4, usiku na mchana, siku 3. Hiyo ni kilo 3 kwa siku, na farasi mwenye njaa huimaliza nusu kilo huku bado anakutazama. Kuanzia siku ya 4 niliongeza kidogo kidogo hadi siku ya 10, alipokuwa anakula kilo 2 kila saa 8. Baada ya hapo aliruhusiwa kula majani hadi ashibe. Nafaka hakuonja kwa wiki nyingi. Usiku ule wa kwanza alikuwa anagonga ubao wa banda kwa kwato, nami nilikuwa nimelala hatua kumi kutoka kwake. Kumsikiliza bila kuinuka ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya kwa mnyama huyu.

Sina mizani ya kupimia farasi. Natumia utepe wa fundi cherehani: mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, uzidishe kwa wenyewe, kisha kwa urefu kutoka bega hadi ncha ya tako, kwa sentimita, halafu gawanya kwa 11,880. Kilemba alikuwa na sentimita 158 kwa 142, yaani kama kilo 298. Kwenye kipimo cha unene cha 1 hadi 9, alichokitangaza Don Henneke na wenzake huko Texas mwaka 1983, nilimpa 1, kwa shingo ile yenye mfupa unaoshikika. Miezi minane baadaye utepe ulisema 180 kwa 145, karibu kilo 395, na alama 5. Miezi minane ni muda wa kawaida. Anayetaka farasi anenepe kwa miezi miwili anatafuta picha za simu.

Meno yalikuwa na ncha kali upande wa mashavu, tukayasaga kwa tupa alipopata nguvu ya kuvumilia dawa ya kutuliza. Kwato zilikuwa ndefu na zimepinda. Tulizipunguza kidogo kila wiki 6, kwa sababu ukizikata zote siku moja mishipa ya mguu inapata mzigo isiouzoea. Dawa ya minyoo nilisubiri kwanza, maana minyoo mingi ikifa kwa pamoja ndani ya utumbo dhaifu ni hatari nyingine.

Kilichonisumbua zaidi ni mvua. Ilipoanza mwezi wa Novemba, visubi walizaliana kwenye kila dimbwi. Hao ndio wanaobeba virusi vya tauni ya farasi ya Afrika, na ile ya mapafu huua zaidi ya farasi 9 kati ya 10 wasio na kinga. Chanjo hutengenezwa Afrika Kusini na lazima ibaki baridi njia nzima, jambo ambalo kwa umeme wetu si la kulichukulia kirahisi. Kwa hiyo pamoja na chanjo kuna saa: visubi huuma kuanzia jua linapokaribia kuzama hadi baada ya macheo. Kilemba aliingia bandani kabla ya saa 11 jioni, wavu dirishani, na hakutoka hadi jua liwe limepanda.

Mafunzo niliyaanza alipofika alama 4. Kabla ya hapo mwili wote unafanya kazi ya kujijenga, na farasi mchovu huonekana mtulivu kumbe ameishiwa nguvu za kuogopa. Wengi hudanganyika hapo. Wanasema farasi wao ni mpole sana, na siku atakapopata nguvu watamwona alivyo.

Farasi hajifunzi unapomkandamiza. Hujifunza pale unapoacha. Navuta kamba ya kichwani, ile tunayoiita likoli, kwa uzito wa kidole kimoja, na ninangoja. Akisogeza hata unywele kuelekea kwangu, mkono wangu unalegea papo hapo. Ukichelewa sekunde mbili umemfundisha kitu kingine. Kumgusa nako ni hivyohivyo. Kilemba alikuwa anageuza makalio ukimkaribia, basi nilisimama mahali aliponiruhusu, na kabla hajaondoka yeye, nikaondoka mimi. Siku ya nane alinifuata.

Furaha ile nusura inipotoshe. Alikuwa anakuja nikimwita, ananyanyua miguu yote minne, ananilazia kichwa begani. Siku moja mtunzaji kijana akamshika nikiwa sokoni, na Kilemba akavunja uzio. Hapo nikaelewa kwamba nilikuwa nimemfundisha kunipenda mimi, na mimi siye atakayeishi naye. Farasi anaweza kufika miaka 25 au 30. Meno ya huyu yanasema ana kama 10, kwa mfereji unaoanza kuonekana kwenye jino la juu la pembeni. Nyumba yake ni kwingine.

Tangu hapo kila wiki anashikwa na mtu mpya. Wanafunzi wa udaktari wa mifugo walikuja kumpima joto na mapigo. Papa sentineli, mlinzi wetu mwenye kofia na tochi, alimtembeza jioni. Kitu alichokiogopa kuliko vyote kilikuwa kitenge kinachopepea, kwa hiyo nikamwomba yule mama jirani wa pumba. Alikuja siku tano mfululizo na kitenge chake kiunoni, akisimama mbali, kisha karibu kidogo, mkononi ana karoti moja. Siku ya tano Kilemba alinusa kitenge akapumua kwa nguvu puani, ile pumzi ya farasi anayejilegeza. Mama alicheka hadi akalia.

Tandiko lilikuja mwisho kabisa. Mgongo usio na nyama hauna cha kubebea mtu, na tandiko linalomfaa leo litambana baada ya kilo 50. Dakika 15 za kutembea tu, mara tatu kwa wiki. Mwendo wa matiti, yaani kukimbia polepole, tumeanza mwezi huu.

Watu wawili wameomba kumchukua. Mmoja anajua kupanda kuliko mimi. Nilimuuliza mtu huyo Kilemba atakaa na nani, akasema peke yake. Farasi wa peke yake hulala kwa mashaka kwa sababu hakuna wa kumlinda. Wa pili hajui mengi, ila ana farasi mzee, ana banda lenye wavu, na aliniuliza yeye mwenyewe jua likizama nani anawaingiza. Nimemwandikia kasoro zote za Kilemba, pamoja na ule uzio, na sharti kwamba ikishindikana anarudi kwangu, hauzwi.

Kesho huyo wa pili anakuja mara ya nne. Nimemwambia aje na lori, ampandishe yeye mwenyewe kisha amshushe, mara tano au sita, bila safari. Mimi nitakaa kwa mama jirani, ambako hanioni.