Mmea wa kudumu ni nini? Tuutazame kupitia akilea

Wengi wakisikia "mmea wa kudumu" hudhani ni mmea usiokauka kamwe. Sivyo. Mimea mingi ya aina hii hunyauka yote juu ya ardhi msimu mbaya ukifika, uwe wa sakitu au wa ukame, huku uhai wake ukibaki chini ya udongo. Hali ikitengemaa huchipua upya kutoka mizizi ileile. Mmea wa msimu mmoja huota, huchanua, huzaa mbegu na kufa. Karoti ni ya miaka miwili: mwaka wa kwanza huweka akiba mzizini, wa pili huchanua na kwisha.

Akilea, kwa jina la kisayansi Achillea millefolium, ni wa kudumu na tena sugu: huvumilia baridi kali na ukame pia. Ni wa jamii ya alizeti. Majani yake yamechanikachanika kama manyoya, na vijiua vyake vyeupe au vya waridi hujikusanya kileleni kwa umbo bapa.

Chini ya udongo akilea una mashina yanayotambaa na kutoa machipukizi pembeni. Ndiyo maana hauhitaji kubembelezwa. Anayeujazia samadi atapata mabua marefu yanayolala chini. Uupe jua la kutosha na udongo usiotuamisha maji, basi. Mbegu zake ni ndogo mno na huhitaji mwanga ili ziote, kwa hiyo zinyunyize juu ya udongo na kuzikandamiza kidogo bila kuzifukia.

Lakini njia rahisi zaidi ni kugawa kichaka. Kila baada ya miaka miwili au mitatu kichimbue, utupe sehemu ya katikati iliyochakaa na kupandikiza vipande vya pembeni vyenye mizizi na machipukizi. Usipofanya hivyo, mmea utaendelea kutambaa mpaka uzonge majirani zake. Bustani ikiwa ndogo, afadhali uupande kwenye chungu. Maua yaliyofifia yakate kabla hayajapukutisha mbegu.

Kwa maoni yangu, faida yake kubwa ni wadudu. Ua bapa ni rahisi kulifikia, hivyo huja nyuki, nzi wa maua na nyigu wadogo, na baadhi yao, au mabuu yao, hula vidukari. Maua pia hukauka vizuri: yakate yakiwa yamefunguka kabisa, yafunge mafungu madogo, kisha yaning'inize vichwa chini mahali pakavu, penye hewa na giza.

Kama dawa, akilea una historia ndefu. Jina lake latokana na Akile, shujaa wa Wagiriki, anayesimuliwa kuwa aliutumia kutibu majeraha ya askari. Hadi leo wapo wanaokunywa chai yake, ambayo ni chungu. Wajawazito na wenye mzio wa mimea ya jamii ya alizeti wauepuke, na wengine ngozi huwawasha wakiushika tu. Una sumu kwa mbwa, paka na farasi.

Usiuchume porini kwa kukisia. Conium maculatum, mmea wa sumu inayoua, nao una maua meupe na majani yaliyochanika. Shina lake halina vinyweleo, lina uwazi ndani na madoa ya zambarau. La akilea lina vinyweleo, na majani yake yakifikichwa hutoa harufu kali ya dawa.