Je, wajua kwa nini kompyuta kuukuu hukwama? Madirisha yanasingiziwa

Peleka laptopu ya mwaka 2012 kwa fundi wa Luthuli Avenue, Nairobi, umwambie imekuwa nzito, na kabla hajaifungua utakuwa umepewa jibu moja kati ya matatu: ina virusi, prosesa imechoka, au programu za siku hizi zina madoido yanayoishinda mashine. Hilo la tatu ndilo linaloaminiwa zaidi, hata na watu wanaozijua kompyuta. Ukiona dirisha lenye kivuli, menyu inayojitokeza taratibu na picha ya Mlima Kenya nyuma yake, unaona kabisa kwamba kuna kazi inafanyika, na kazi inayoonekana ndiyo hulaumiwa. Basi mwenye laptopu huondoa picha, huzima vivuli, hurudisha ikoni za zamani, kisha huwasha mashine na kungoja. Inakwama vilevile.

Tuipime hiyo picha. Skrini nyingi za laptopu za ex-UK zinazouzwa katikati ya jiji zina pikseli, yaani vidoti vya picha, 1366 kwa 768, na kila pikseli huhifadhiwa kwa baiti 4. Ukizidisha unapata baiti 4,196,352, yaani megabaiti 4 na ushei. Hizo ndizo zinazohitajika kuijaza skrini nzima, na hazipungui wala kuongezeka, skrini iwe na twiga wa Mbuga ya Nairobi au weusi mtupu. Eneokazi la kisasa, lile tandiko zima la madirisha, menyu, ikoni na upau wa chini, hulipatia kila dirisha turubai lake, kwa hiyo madirisha kumi yaliyojaa skrini ni megabaiti 42. Kwenye RAM, yaani kumbukumbu ambamo mashine hufanyia kazi, ya gigabaiti 4, hiyo ni kama asilimia moja. Unaweza kufuta madoido yote na bado usipate nafasi ya kufungulia ukurasa mmoja wa benki.

Tena madirisha si mambo ya jana. Xerox Alto, iliyoundwa California mwaka 1973, ndiyo mashine ambayo juu yake madirisha yanayopandana yalianza kutumika katika miaka hiyo ya 70, kwa kumbukumbu ya kilobaiti 128. Skrini yake ya pikseli 606 kwa 808, nyeusi na nyeupe, ilimeza karibu nusu ya kumbukumbu hiyo. Wakati huo, mtu angelalamika kwamba picha zinaila kompyuta, angekuwa amesema kweli tupu. Macintosh ya 1984 nayo ilikuja na kilobaiti 128, prosesa ya karibu megahezi 8 na skrini iliyohitaji baiti 21,888 tu. Ilifungua madirisha, ikaburuta ikoni, ikaandika barua. Laptopu “iliyochoka” yenye gigabaiti 4 ina kumbukumbu mara 32,768 ya hiyo.

Kuhusu prosesa kuchoka: haichoki. Leo inapiga hesabu zilezile kwa kasi ileile ya siku ilipotoka kiwandani, isipokuwa ikipata joto. Vumbi likiziba feni, au ile dawa nyeupe iliyo kati ya prosesa na chuma cha kupozea ikikauka, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kama sehemu ya chini inachoma mapaja na feni inapiga kelele, kupuliza vumbi si ushirikina. Na upande wa madoido pia kuna hali moja ambapo lawama ni halali: mfumo usipopata programu ya kuendesha kadi ya grafiki, vivuli na uwazi wa madirisha hukokotolewa na prosesa yenyewe, na hapo mashine ya zamani hulemewa kweli. Lakini hiyo si hali ya wengi.

Kinachowakwamisha wengi ni RAM kufurika. Programu ikiomba nafasi na RAM imejaa, mfumo endeshi, kama Windows au Linux, haukatai. Huchagua vipande ambavyo havijaguswa kwa muda, kwa kawaida vya kilobaiti 4 kila kimoja, huvihamishia kwenye sehemu ya diski iitwayo swapu, kisha huigawa nafasi iliyobaki wazi. Hila hii ilikuwapo kwenye kompyuta ya Atlas kule Manchester mwaka 1962, na ni hila nzuri sana. Shida yake ni umbali.

Mchukue fundi wa cherehani mwenye kibanda soko la Gikomba, Nairobi. Meza yake ndiyo RAM: mkasi, uzi, kitambaa, kila kilicho mezani anakifikia kwa sekunde moja. Meza ikijaa, kitambaa kisichotumika kinapelekwa stoo. Swali ni stoo iko wapi. RAM hujibu kwa takriban nanosekunde 100. Diski ya kuzunguka hujibu kwa takriban milisekunde 10, kwa sababu mkono wake lazima usogee hadi kwenye mstari unaotakiwa kisha ungoje sahani ilete mahali panaposomwa. Sahani ya mizunguko 5,400 kwa dakika huchukua milisekunde 11 kumaliza mzunguko mmoja. Kati ya RAM na diski hiyo kuna tofauti ya mara 100,000 hivi. Ikiwa mkasi ni wa sekunde moja, kitambaa cha stoo ni cha saa 27 na zaidi.

Kwa hiyo stoo iko Mombasa. Kijana anapanda basi la usiku, anashuka, anatafuta kitambaa, anarudi kesho yake. Na haendi mikono mitupu: meza imejaa, hivyo ili kimoja kije, kingine lazima kiende. Fundi anakata mara moja, anageuka kutafuta bitana, kumbe bitana ndiyo iliyopanda basi jana. Prosesa halisi huwa haikai hivihivi, hurukia kazi nyingine inapongoja. Ila kazi hiyo nyingine nayo ina vitambaa vyake Mombasa. Mwezi unakwisha kola moja imeshonwa. Majirani wanapita, wanamwona fundi ameshika tama, wanakata kauli kwamba amezeeka, au kwamba kitambaa cha maua kinamshinda.

Mwaka 1968 mwanasayansi wa kompyuta Peter Denning alieleza kwa nini hali hii huja ghafla. Kila programu, kwa wakati wowote, ina seti ya vipande inavyovihitaji kweli. Seti zote zikitosha kwenye RAM, mambo ni shwari. Zikizidi kidogo tu, kasi haipungui kidogo, inaporomoka. Ndiyo maana mashine inaweza kubeba kurasa tisa za intaneti bila neno, ikazimia kwa ya kumi.

Katika kuzimia huko kuna kioja ninachokipenda. Kila kitu kimeganda, taa ya diski inawaka bila kupumzika, lakini mshale wa kipanya bado unateleza juu ya skrini kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa kawaida mshale hauchorwi pamoja na madirisha. Kadi ya grafiki huubandika juu ya picha iliyokwisha kuchorwa, na kuusogeza ni kubadilisha namba mbili tu za mahali ulipo. Ukiona hata mshale umeanza kurukaruka, jua programu inayosoma kipanya nayo imeanza kusafirishwa.

Sasa, kwenye Linux, mfumo endeshi wa bure unaokuruhusu kuchagua eneokazi, eneokazi jepesi kama Xfce au LXQt husaidia, ila si kwa sababu inayotajwa. Xfce inaweza kuwa na vivuli vizuri tu. Isichokuwa nacho ni msururu wa huduma za chinichini: inayoorodhesha mafaili yako yote, inayolinganisha kalenda, inayochungulia masasisho. GNOME, eneokazi jingine la Linux lililo zito zaidi, hukalia karibu gigabaiti nzima mashine ikiwaka tu, nazo hizo mbili mara nyingi hutosheka na nusu yake, ingawa tarakimu hizi hubadilika kwa toleo, kwa usambazaji wa Linux na hata kwa namna unavyohesabu. Kwenye mashine ya gigabaiti 2, nusu gigabaiti ni robo ya meza. Kwenye ya gigabaiti 8, utabadilisha eneokazi, utajipongeza, na hutahisi lolote.

Halafu kuna kivinjari. Ukurasa mmoja mzito unaweza kumeza megabaiti mia kadhaa, kwa hiyo kila ulichookoa kwa kuchagua eneokazi kwa makini kinaweza kuliwa na kurasa tatu. Nenda kwenye saiba yenye mashine kuukuu wiki ya mwisho ya Juni, watu wanapokimbizana na tarehe 30 kujaza ritani za kodi za KRA. Mteja ana ukurasa wa ritani, barua pepe na WhatsApp vyote wazi, na aliyetoka ameacha video. Kubadilisha rangi ya menyu hapo ni bure.

Wapo wanaoshauri swapu izimwe kabisa, eti diski isiguswe. Kwenye Linux ushauri huu hugeuka kichekesho. Msimbo wa programu zenyewe tayari uko kwenye diski, hivyo RAM ikibanwa mfumo huutupa na kuusoma upya kila unapohitajika. Safari za Mombasa zinaendelea, ila mizigo imebadilika. Dawa iliyo bora ni zram, iliyoingia rasmi kwenye kiini cha Linux mwaka 2014 na ambayo Fedora, aina mojawapo ya Linux, huiwasha yenyewe tangu toleo la 33 la mwaka 2020: badala ya kupelekwa stoo, vitambaa hukunjwa na kubanwa palepale mezani. Kukunja kunaipa prosesa kazi, lakini prosesa hiyo ilikuwa imekaa ikingoja basi.

Diski ya SSD, isiyo na sahani ya kuzunguka, nayo huileta stoo karibu. Hujibu kwa takriban mikrosekunde 100, na kwa hesabu yetu ileile hizo ni dakika 17: stoo imehamia Muthurwa, jirani tu na Gikomba. RAM haijaongezeka hata baiti moja, lakini mashine inakuwa nyingine.

Hesabu hizi zimekuwa na uzito zaidi tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida. Windows 11 rasmi haizipokei prosesa nyingi za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8, na humo zimo laptopu nyingi za mtumba, kwa hiyo Linux inazidi kuulizwa. Zilizo kuukuu kupita kiasi, zenye prosesa za biti 32, zinafungiwa milango huko pia: Debian 13, aina nyingine ya Linux iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi chake kwa ajili yao. Kwa zilizobaki, kama pesa inatosha kitu kimoja na diski bado ni ya kuzunguka, anza na SSD, kisha RAM. Ila kabla hujailipia hiyo RAM, mwombe fundi afungue kifuniko cha chini mbele yako. Kwenye baadhi ya laptopu nyembamba RAM imechomelewa kwenye bodi, na hakuna nafasi ya kuongeza nyingine.