Engaruka haikujengwa na wageni

Chini ya genge la Bonde la Ufa, kaskazini mwa Mto wa Mbu mkoani Arusha, kuna mashamba ya kale yaliyogawanywa kwa kuta za mawe, eneo la takriban kilomita 20 za mraba. Hii ndiyo Engaruka, na uvumi unaoiudhi zaidi historia yake ni kwamba kazi kubwa namna hii ilifanywa na wageni waliotoka mbali, kisha wakatoweka.

Walioijenga ni wakulima Waafrika, walioishi hapo kati ya karne ya 15 na ya 18. Vijiji vyao vilikaa kwenye mteremko, nyumba zikisimama juu ya vipande vya ardhi vilivyosawazishwa na kuzuiwa kwa mawe, na bondeni wakalima mtama, ambao mbegu zake zilizoungua zimechimbuliwa. Maji waliyateka kwenye vijito vinavyoshuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro, wakayaongoza kwa mifereji hadi shambani. Ukichunguza baadhi ya vitalu utaona ujuzi wenyewe: kuta ziliwekwa ili maji yakipungua kasi yaache tope, na tope hilo likawa udongo wa kulimia. Yaani shamba lenyewe lilitengenezwa na maji! Wasonjo, yaani Wabatemi, wanaoishi kaskazini zaidi, bado wanalima kwa mifereji hadi leo.

Marundo ya mawe yaliyotapakaa mashambani nayo huitwa makaburi. Mengi ni mawe tu yaliyookotwa ili jembe lipite.

Kuhusu idadi ya watu, mwanaakiolojia Louis Leakey alifika mwaka 1935 akakadiria wakazi 30,000 hadi 40,000. Hesabu hiyo bado inarudiwa, ingawa watafiti waliofuata waliipunguza sana: nyumba zote hazikukaliwa kwa wakati mmoja.

Halafu kuna lawama kwamba Wamaasai ndio waliowafukuza wakulima hao. Wanaosema hivyo wanasahau maji. Baadhi ya mifereji ya kale inaanzia kwenye makorongo ambayo siku hizi hayana mtiririko wa kudumu, na mashamba ya namna ile hayawezi kuishi bila maji. Mto Engaruka wenyewe ungali unatiririka, na miongoni mwa wanaomwagilia mahindi na maharage kwa maji yake leo ni Wamaasai.