Msaada wa kisheria: maana yake kwa mtu aliyebanwa na deni

Mwambie mtu aliyekopa "kausha damu", yaani mkopo wa mtaani wenye riba ya kuumiza, kwamba kuna msaada wa kisheria usiolipiwa, na huenda akakuuliza: "Watanilipia?" Hapana. Msaada wa kisheria haulipi deni wala haulifuti. Na tuliweke wazi mapema, maana wapo wanaokwenda na matumaini hayo, wakiambiwa ukweli wanaondoka kabla hawajasikia kile ambacho kingewafaa.

Kwa Tanzania Bara, huduma hii inasimamiwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2018. Kwa maneno ya kawaida, ni kumpa mtu asiye na uwezo wa kumlipa wakili elimu ya sheria, ushauri, msaada wa kuandika nyaraka, na ikibidi mtu wa kumsimamia mahakamani, yote bila malipo. Wengi wanaijua hiyo ya mwisho tu, yaani wakili wa bure. Kwa mwenye deni, hizo tatu za mwanzo ndizo zenye kazi kubwa zaidi.

Wanaozifanya mtaani ni wasaidizi wa kisheria. Msaidizi wa kisheria si wakili. Ni mtu aliyepata mafunzo ya msingi ya sheria na kusajiliwa, na mara nyingi anaishi kata hiyohiyo. Sheria imembana kwa mambo mawili yanayopaswa kukaa kichwani: haruhusiwi kukuwakilisha mahakamani, na haruhusiwi kukutoza ada. Anayekuambia "toa kidogo nikuandikie" si msaidizi wa kisheria, ni kishoka, hata kama ana mhuri na meza yake iko hatua tatu kutoka lango la mahakama. Ukiwa na shaka, nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, atakuonyesha waliosajiliwa ni akina nani.

Sasa tuone kazi yenyewe. Chukulia mama mwenye genge amekopa shilingi 200,000. Amekatwa 20,000 ya fomu hapohapo, ameondoka na 180,000, na anarejesha 10,000 kila siku kwa siku 26. Kwake yeye ni "elfu kumi ya kila siku" tu, na kwa lugha hiyo haionekani kubwa. Msaidizi anachukua kalamu: 10,000 mara 26 ni 260,000. Kwa 180,000 iliyoingia mkononi, ameongeza 80,000 ndani ya mwezi. Halafu anamweleza kwamba Benki Kuu imeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana. Kwa mkopo huo ni shilingi 7,000. Nimeona watu wazima wakinyamaza kabisa hesabu ikifika hapo.

Swali linalofuata ni la leseni. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, huwezi kufanya biashara ya kukopesha bila leseni. Mkopeshaji akiulizwa leseni kwa barua yenye tarehe na sahihi, ubabe wake hupungua sana. Barua hiyo mama wa genge asingeiandika peke yake, si kwa kukosa akili, ila hakujua kwamba ana haki ya kuuliza.

Kuna kazi nyingine ambayo mimi naiona kubwa kuliko zote, nayo ni kutenganisha deni na vitisho. "Ukishindwa rejesho utalala polisi." Kushindwa kulipa mkopo ni shauri la madai, si jinai, na polisi si wakusanya madeni. Kifungo cha madai kipo, ndiyo, lakini kinakuja baada ya hukumu na kwa amri ya mahakama, na anayedai ndiye anayetakiwa kwanza kulipia matunzo ya mfungwa huyo. Kuhusu masufuria na godoro linalobebwa juu ya bodaboda: hata mahakama yenyewe inapokaza hukumu, yaani inapoitekeleza kwa kukamata mali, Sheria ya Mwenendo wa Madai inakinga nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, na zana za fundi. Nyumba unayoishi na familia nayo imo kwenye kinga hiyo, ila ukishaiweka rehani mwenyewe ni habari nyingine. Na hata hapo, nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi.

Mikopo ya simu ina karaha yake: ukichelewa siku mbili, shemeji yako na mwajiri wako wanapokea ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Hapa panaingia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na malalamiko yanapelekwa kwenye Tume inayoisimamia. Deni linabaki palepale, lakini kukudhalilisha hakumo kwenye haki za anayekudai.

Upande wa pili nao usemwe. Kama uliyekopa kwake ana leseni, riba yake iko ndani ya kiwango na mkataba uliusaini, msaidizi mkweli atakwambia ulipe. Atakachokusaidia ni kwenda kuomba marejesho yapangwe upya kabla hujaanza kuruka rejesho, maana kazi yake kisheria ni pamoja na kushauri wanaovutana wamalizane kwa maelewano. Maelewano yakishindikana, anakuelekeza kwa watoa huduma wenye mawakili, kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu au Chama cha Wanasheria Wanawake.

Wengi wanachelewa. Notisi ya benki ya siku 60 kwa nyumba iliyowekwa rehani inafichwa kabatini chini ya nguo, na msaidizi anatafutwa siku dalali anabandika tangazo ukutani. Baada ya tangazo zinabaki siku 14 tu kabla ya mnada, na siku 14 hazitoshi hata kupata nakala za nyaraka zote.

Ukienda, beba kila kitu: mkataba, daftari la marejesho, jumbe zote za miamala usizifute, na namba za waliokuja kudai. Kama ulisaini karatasi tupu, liseme hilo mwanzoni kabisa. Ni aibu kulisema, lakini barua ya kwanza itaanzia hapo.